Gogo la Kutwikia Maji

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno ambayo herufi zake nimezikosea. Nilimaliza shule ya msingi tu, na mkono wangu umezoea randa kuliko kalamu. Sentensi moja hunichukua muda mrefu. Lakini jambo lenyewe nalijua vizuri, kwa sababu nililifanya mwenyewe.

Tulikaa Shari, hapa Bunia, mama na mimi. Dada zangu walikuwa wameshaolewa, na baba alikuwa kwenye migodi ya Kilo akichimba dhahabu. Mama aliuza chai na mandazi pale malori ya kwenda Komanda yalipopakia. Madereva hawamsubiri mtu. Wanataka chai mapema, na anayeiwahisha ndiye mwenye mahali pale. Ukichelewa asubuhi chache, unakuta mwingine ameweka mbabula yake, jiko la makaa, na moto umeshawaka.

Msimu mmoja wa mvua mama aliteleza njiani na kuangukia bega. Likapona vibaya. Mkono wa kuume ulipanda hadi usawa wa kidevu, ukakataa kwenda juu zaidi. Tangu hapo akawa anachelewa kutoka kisimani, na chai ikachelewa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza upande wa pili wa barabara alivuka na mbabula yake. Hakusema neno baya. Kila baada ya siku chache tu alisogea kidogo kuelekea kwetu.

Nilianza kumchotea mama maji. Kisima chetu ni chemchemi iliyo chini ya mteremko, na saa za alfajiri ni mahali pa wanawake. Wanaogesha watoto, wanasema mambo ya nyumba zao. Nilipotokea na bidoni, dumu letu la maji, mazungumzo yalikatika, na mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Mama akaniomba niache, maana nilikuwa nawaaibisha bamama. Kusema kweli nilikuwa nimeaibika kuwapita wote.

Basi nikaamua kumtengenezea pusupusu, gari la kusukuma kwa mikono. Nilikuwa najifunza useremala kwa mzee mmoja wa mtaani. Mzee yule alikuwa na kanuni: mteja husema haja yake mara moja, baada ya hapo fundi huiuliza mita yake ya kupimia. Fundi anayemrudia mteja na maswali anaonekana hajui kazi. Shuleni pia maswali yalikuwa ya mwalimu, sisi yetu yalikuwa majibu. Kwa mtu mwenye haya, maisha ya namna hiyo yana raha yake. Sikumwuliza mama chochote. Nilikusanya mabaki ya mbao, nikachonga gurudumu na kulizungushia mpira wa tairi kuukuu, nikamletea gari zuri kweli.

Mama alifurahi, akaliombea. Kesho yake akaenda kisimani kwa miguu na bidoni yake, kama zamani. Kesho kutwa vilevile. Pusupusu ikabaki imeegemea ukuta mpaka kuku akataga ndani yake. Jirani yetu, mama mrefu ambaye sauti yake husikika mtaa mzima, alisimama kwenye ua akaniita fundi ya kuku. Watoto wakalidaka jina hilo.

Jina ningelivumilia. Lakini mbabula ya yule mama mwingine ilikuwa sasa imefika pale mama alipozoea kuweka kigoda chake.

Jumapili moja, tulipotoka misa, nililaza bidoni tupu katikati ya uwanja. Nikamwomba mama anionyeshe anachofanya kisimani, tangu kujaza mpaka kufika nyumbani. Niliona haya kana kwamba nimemwuliza jambo la siri.

“Unionyeshe tu, mama. Wapi inauma?”

Aliiinua bidoni mpaka gotini. Hapo sawa. Akaikumbatia kwa mikono miwili mpaka kifuani. Sawa. Kisha akasimama hivyo, ameikumbatia, hawezi kuipandisha.

“Ni hapa, papa,” akasema. Kwetu akina mama huwaita vijana wao hivyo. “Kutoka hapa kwenda ku kichwa. Ikishafika ku kichwa, naweza kuibeba mpaka Komanda.”

Nikamwuliza kuhusu pusupusu.

“Pusupusu iko juu. Maji iko chini.”

Nililijua bonde lile tangu utoto, na bado sikuwa nimeliona. Gari lisingeshuka mteremko ule. Kwangu kile kipande cha kupanda kilikuwa kifupi, naweza kukimaliza na bidoni mkononi. Kwake, bila maji kufika kichwani, ndicho kilikuwa kazi yote. Pale chini wanawake hutwikana: mimi nakuinulia wewe, anayekuja ananiinulia mimi, na wa mwisho haachwi peke yake. Mama alipaswa kuteka maji kabla ya wote, kwa ajili ya madereva. Alifika mapema, akajaza, kisha akasimama akingoja mtu wa kumtwika. Kuchelewa kwake kulikuwa ni kule kungoja.

Kumbe nilikuwa nimetengeneza dawa ya umbali, na umbali haukuwa ugonjwa.

Niliomba ruhusa ya wanawake kupitia mama, nikashuka mchana wakati kisima ni kitupu, nikasimamisha meza ndefu ya miguu minne. Urefu niliupima kwa mama: aipandishe bidoni kutoka kifuani, ainame kidogo, aivutie kwenye ngata yake kichwani. Kwake ilifaa. Kesho yake jioni jirani mrefu alinisimamisha njiani na wenzake nyuma yake.

“Weye, fundi ya kuku. Umepima mama yako tu. Siye wengine hatuna vichwa?”

Kwake meza ilikuwa chini mno, akalazimika kupiga magoti. Kwa wasichana wadogo ilikuwa juu kama paa. Zamani ningekimbia. Safari hii nikamwuliza yeye angeitaka ifike wapi. Alishangaa, kisha akaweka kiganja chini ya shingo yake. Wenzake nao wakaonyesha, kila mmoja kwake, wakibishana na kutaniana kuhusu vifua vyao. Nikaona nitahitaji meza ya kila mwanamke wa Shari.

Walikuwa wamesimama kwenye mteremko. Yule mrefu alikuwa chini, na msichana mfupi wa mwisho alikuwa juu yake kidogo, na vichwa vyao vilikuwa sawasawa. Nikaomba wasisogee. Wakacheka, lakini hawakusogea. Ardhi yenyewe ilikuwa inawasawazisha. Kilichohitajika ni gogo moja refu, lililolala sawa juu ya nguzo, kando ya njia inayoshuka. Mrefu asimame chini, mfupi asimame juu, kila mtu atafute mahali pa mwili wake.

Mzee aliyenifundisha useremala alinipa gogo la mkaratusi na akaja mwenyewe kushika upande mmoja. Aliniuliza ni nani aliyenipa vipimo. Nikasema niliwauliza wanawake. Akaendelea kushindilia udongo kwenye nguzo.

Asubuhi iliyofuata nilingoja juu ya njia, nisiwasumbue. Hapakuwa na mtu mwingine bado. Nikasikia bidoni ikigonga mti, kisha kimya, kisha nyayo. Mama akatokea kutoka bondeni, amenyooka, maji kichwani, peke yake.

“Toka mu njia, papa. Bashofere banangojea chai.”

Yule mama mwingine alipofika stendi, alikuta chai inachemka na madereva wameshazunguka. Akaisogeza mbabula yake pembeni, na mama yangu akampa makaa yenye moto.

Wanawake bado wanatwikana kisimani. Sasa wanapumzisha bidoni kwenye gogo na kuongea zaidi, na waume wengine wananilaumu mimi kwa maji kuchelewa. Lawama hiyo naipokea.

Siku hizi mteja akinijia sianzi na mita. Namwomba anionyeshe jinsi anavyokaa, anavyoinama, anavyobeba. Kazi zinakuja, na kuku hawatagi tena ndani ya kazi zangu.

Ninyi mnaosoma, niandikieni. Niambieni kitu mlichomtengenezea mtu naye hakukitumia, na mlimwuliza nini baadaye. Barua zenu nitazisoma zote.