Siku Mlolongo Ulipokimbilia Mahindi

Mwezi jana nilirudi Kitale, nikajikuta kwenye mkutano wa kutoa maoni. Ati wananchi tuseme tunaonaje kile kipande kilichobaki pale chemchemini kikijengwa maduka. Mlangoni ulipewa kwanza soda na nusu mkate, ndipo ukasukumiwa karatasi ya kusaini. Nikauliza, nasaini nini na sijasikia neno? Kijana mwenye karatasi akaniangalia kama mtu aliyepotea njia. "Si usaini tu, mathe, watu wanangoja." Na kweli walisaini, mmoja baada ya mwingine, makombo yamewashika midomoni. Nilisikia kichefuchefu, rafiki yangu. Na wala hakikuanza siku hiyo.

Hukuiona chemchemi hiyo ikiwa hai, basi nikueleze. Maji yalitoka chini ya jiwe, baridi mpaka meno yanauma. Kila Jumamosi akina mama walishuka na majembe kuzoa matope, sisi watoto tukiokota majani. Aliyewaongoza ni nyanya yangu, kukhu, kama tunavyosema sisi wa Bungoma. Alikuwa amelima tumbaku Malakisi kabla ya kuhamia Kitale na babu, na mimi naapa mikono yake ilinuka tumbaku hadi uzeeni. Alikuwa mkali. Ukija na ndoo chafu aliyamwaga maji yako mbele ya watu, ukaanze upya.

Mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Mavuno yakiisha, kila ua ulitandazwa mahindi juu ya magunia. Yeyote aliyeona wingu la mvua kwanza alipiga ukelele: "Mahindi, jamani!" Basi. Uwe unasonga ugali, unanyonyesha au unasali, uliacha. Watu walikimbia na kuzoa mahindi yaliyo karibu nao, yawe yao au ya jirani waliyenuniana naye wiki nzima. Halafu tulijibanza barazani tukila mahindi na maharagwe kutoka chunguni, mabati yakipiga kelele juu yetu, makapi yamejaa nyweleni. Sijala tena chakula kitamu vile.

Kisha diwani wetu akafariki, na mwenye kinu cha kusagia unga akataka kiti. Kila mtu alijua sababu. Kinu chake kilipakana na chemchemi, na alikuwa ameshachimbia nguzo za ua upande wa pili wa maji. Akina mama wakasema, hapana, kukhu asimame. Zilikuwa siku zile za kura ya mlolongo, hapo mwishoni mwa miaka ya themanini: hakuna karatasi wala sanduku, unasimama nyuma ya unayemtaka na karani anawahesabu. Mwenye kinu hakuhutubia sana. Aliwaambia tu watu wake waanike mahindi kwenye sakafu yake ya saruji, vijana wake wangeyafunika ikinyesha. Sisi tuliwacheka, ati hata kuanika wanaanikiwa.

Asubuhi ya kura kukhu alivaa gauni la kanisani. Akawaambia wenzake, "Leo yakilowa, yalowe. Mahindi tutayaanika tena kesho. Chemchemi ikienda, haianikwi." Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaachwa nilinde mahindi yetu. Akaniinamia. "Na wewe, hata ukiona wingu, nyamaza. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Ua wetu ulitenganishwa na uwanja wa shule na michongoma, na nilikuwa na tundu langu la kuchungulia. Mlolongo wa kukhu ulizunguka goli ukarudi. Wa mwenye kinu haukufika hata nusu yake. Lakini karani wa uchaguzi alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anakunywa chai na chapati. Saa nne ikapita, saa sita, saa nane. Mara mbili nilimwona akitoka, akitazama upande wa Mlima Elgon, akirudi ndani. Sikuelewa. Sasa naelewa, na nikilikumbuka lile tumbo lake likisubiri mvua, nataka kutema mate.

Wingu likaja. Nilinyamaza, kweli nilinyamaza. Lakini mwaka uliotangulia nilikuwa nimesinzia, mahindi yakalowa yakaota ukungu, na mama alinichapa hadi fimbo ikavunjika. Tone la kwanza liliponigonga mkononi, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mahindi, jamani!"

Mlolongo ukakatika. Walikuja mbio wote, mama yangu mbele, viatu mkononi. Nyuma ya kukhu walibaki mwalimu mstaafu mwenye mguu mbovu na mama mmoja asiyekuwa na shamba. Watu wa mwenye kinu hawakusogea hata hatua. Walikuwa wanacheka. "Kimbieni, bana, mtachelewa!" Na karani akatoka na fimbo yake, anafuta mafuta ya chapati midomoni, akaanza kuhesabu. Mvua yenyewe ilidondosha matone machache ikaenda zake. Akina mama waliporudi wakihema, daftari lilikuwa limefungwa. "Nimehesabu waliokuwepo," akasema.

Kesho yake mwenye kinu alichinja ng'ombe. Unadhani nani alikosa? Walienda walewale waliomwomba kukhu asimame, na mabakuli yao. Jirani yetu aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la kukhu alisema, "Ng'ombe ameshakufa, tumwache aoze?" Nami nilienda. Nilikula mpaka mafuta yakaganda mdomoni.

Niliporudi, kukhu alikuwa ameketi anachambua mahindi. Hakunigombeza.

"Mahindi yalilowa?"

"Hapana, kukhu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatikisa kichwa, akanipa ncha ya leso yake nifute mdomo, akaendelea kuchambua.

Mwezi haukuisha kabla chemchemi haijatiwa ua na kufuli, tukawa tunapanga madebe kwenye mfereji wa mwenye kinu. Ule ukelele nao ulikufa. Mvua ikija, kila mtu alitoka kimya akaokoa yake, macho chini. Kukhu alikuwa hatoki kabisa. Aliketi barazani akinitazama nikizoa peke yangu, miaka yote hadi alipofariki.

Kule mkutanoni, mwezi jana, sikusaini. Nataka ulijue hilo. Niliondoka na hasira zangu, nikasimama barabarani. Ng'ambo, mwanamke nisiyemjua alikuwa ameanika mahindi kando ya lami na kuingia ndani, na juu ya Elgon wingu lilikuwa limeshashuka. Mtaa wote ni kuta na mageti sasa. Nikasema leo nitaita, asiyetaka asitoke. Nikavuta pumzi, nikataka kupiga ukelele, nikashindwa. Mdomo ulikuwa umejaa mkate wao.