Saa Moja Aliyoificha Skolastika

Skolastika alipiga taipureta bila kutazama vidole. Alikuwa na Kiha cha kwao Kasulu, Kirundi cha majirani, na Kifaransa cha kutosha kuombea radhi kwenye simu. Kazi yake katika shirika dogo la misaada pale Kigoma, mwaka 1995, ilikuwa moja: kuhakikisha hakuna mfanyakazi anayevuka ziwa kabla jina lake halijavuka. Wakubwa wa bandari ya ng'ambo, upande wa Burundi, walitaka orodha ya wasafiri saa sabini na mbili kabla ya boti kufika. Aliyetokea huku jina lake halipo hawakubishana naye. Walimfungia.

Telesphory, mtunza ghala, alifungiwa siku kumi na tisa. Orodha ilikuwa imechelewa dakika ishirini tu, na aliyeichelewesha ni Skolastika, aliyekaa akingoja sahihi ya mkubwa aliyetoka kunywa chai. Telesphory alirudi amekonda. Hakumlaumu. Alimwambia tu, "Dada Skola, kule siku haziishi," kisha akaacha kazi.

Tangu hapo akajitungia dawa. Ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwao ikiwa sita, Kigoma ni saba. Barua ya masharti ilitaja saa sita mchana kwa saa za kule. Ubaoni Skolastika akaandika "mwisho saa sita", basi, na wote wakaichukua kuwa sita ya Kigoma. Ile saa moja iliyobaki akaiweka moyoni, kama mama anayeficha unga wa siku ya dhiki.

Ijumaa hiyo orodha ya safari ya Jumatatu ilikwisha kwenda tangu asubuhi: Nassib nahodha, Dismasi fundi injini, na wauguzi wawili wa kupeleka dawa za kipindupindu. Saa tano kasorobo Nassib alipita kuchukua kibali cha mafuta.

"Jumatatu tunakwenda na Feliksi," alisema, kama anayetaja hali ya hewa.

"Feliksi gani? Orodha ina Dismasi."

"Dismasi kafiwa na mama mkwe, yuko njiani kwenda Kibondo. Feliksi kamshikia zamu. Walimalizana wenyewe jana."

"Walimalizana wenyewe! Na mimi je?"

"Wewe ungefanya nini, dada? Ungemfufua mama mkwe?"

Ndivyo walivyoishi watu wa boti. Zamu ya mfiwa hubebwa na mwenzake, bila barua wala kuulizana. Ni utu, na Skolastika asingethubutu kuutukana. Lakini mpakani hawajui msiba; wanajua orodha. Na injini ile kuukuu haikuvuka ziwa bila fundi.

Yeye na Nassib wakamkuta Feliksi bandarini, kichwa ndani ya injini, mikono myeusi kwa oili.

"Namba ya hati yako ya kusafiria!"

"Nani anakariri hiyo, dada? Ipo Kasingirima, kwa mwenye nyumba wangu, mzee Mwinshehe. Chumbani kwangu panavuja."

Nassib akawasha pikipiki ya ofisi. Walifika Kasingirima vumbi limewapaka nyusi. Mzee Mwinshehe alikuwa mlangoni, kanzu imepigwa pasi, anakwenda msikitini.

"Shikamoo, baba. Tunaomba hati ya Feliksi."

"Marahaba. Leo Ijumaa, wanangu. Rudini baada ya swala."

"Baba, baada ya swala Feliksi atakuwa mfungwa."

Mzee alimtazama, akavua viatu, akarudi ndani. Sanduku lake la bati lilihifadhi karatasi za nusu ya mtaa: vyeti vya ubatizo, vyeti vya ndoa, kadi za kliniki. Alizitoa moja moja, akizisoma.

"Baba, haraka kidogo."

"Karatasi za watu hazichambuliwi kama maharage, binti yangu."

Ya Feliksi ilikuwa chini kabisa.

Walirudi ofisini saa sita na robo. Nassib akatazama saa ya ukutani, akaketi kwa kishindo. "Imetupita, dada. Tumekwisha."

Skolastika aliingiza karatasi kwenye taipureta.

"Sasa unaandika nini?"

"Nyamaza, kaka Nassib."

Akaandika, akagonga muhuri, akapiga faksi. Laini ilikuwa na watu. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu karatasi ilianza kumezwa, ikafika nusu, na umeme ukazimika.

"Jenereta!" alipiga kelele, na Nassib, ambaye hakuelewa kwa nini mtu akimbilie saa iliyokwisha kupita, alikimbia hata hivyo. Alivuta kamba mara nne. Ya tano ikanguruma. Saa saba kasoro dakika nane. Mashine ikaimeza karatasi polepole, mstari kwa mstari, mikono ya Skolastika ikiishikilia kana kwamba ingedondoka ziwani.

Akapiga simu.

"Amahoro," ilisalimu sauti ya ng'ambo. "Imefika. Lakini tarakimu mbili za mwisho hazisomeki."

Alimtajia kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, zisije zikateleza njiani. "Kwenu saa ngapi, bwana?"

"Sita kasoro dakika tatu."

"Iandike hiyo juu ya karatasi. Na jina lako, tafadhali."

Yule mtu akacheka, akaandika. Skolastika aliweka simu chini.

Nassib alikuwa mlangoni, ananuka mafuta. "Kumbe," alisema polepole. "Miaka yote hii unatukimbiza, kumbe ipo saa moja umeikalia!"

"Na leo mmeila yote."

Alhamisi boti ilirudi. Feliksi alipanda ngazi za ofisi, akaweka mezani hati yenye muhuri mpya.

"Walinisoma herufi kwa herufi, dada. Nilidhani nabatizwa upya."

"Ulilala wapi?"

"Kwenye boti. Wapi tena?"

Skolastika aliishika ile hati, akautazama muhuri, akamrudishia. Kisha akachukua chaki, akafuta ubao, akaandika: *mwisho saa tano; zamu ikibadilika, niambieni kwanza.*

"Saa tano!" Nassib alidakia nyuma yake. "Sisi tunajua ni saba."

"Jueni," alisema Skolastika, akipangusa chaki mikononi. "Mtakayemwacha kule ndiye atakayewaeleza ni saa ngapi."

Jioni hiyo Nassib alimpelekea, bila kuulizwa, majina ya zamu za wiki mbili.