Midomo ya Pete za Kisima

Ngeee! Mjomba akigonga pete ya zege kwa spana ya baiskeli, mlio ulizunguka nayo ukachelewa kuisha. "Hii nzima," anasema. Ukitoka mfupi, kama mtu aliyekatizwa maneno, ujue kuna ufa. Mpaka leo nikisikia kengele ya kanisa nakumbuka spana ile.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sementi ilianza kukaa madukani Bariadi kama chumvi, unanunua bila kibali cha mtu. Mjomba, mdogo wake mama, akaacha kibarua cha kwenye kinu cha pamba akafungua kiwanda uani: kalibu moja ya bati ya kumiminia pete, chepe na mkewe. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba. Kazi yangu kuzimwagia pete maji zisikauke haraka, na kuota. Kichwani nilizipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa ghorofa la mviringo, nikakaa juu kabisa, naona treni ikiingia Malampaka.

Pete za kwanza zilikuwa za mama. Alichoka kufukua mchanga mtoni kila kiangazi. Alitaka kisima nyumbani na bustani ya nyanya. Mtamba wake pekee alimtoa kwa wachimbaji. "Hiki kikiniangusha narudi mtoni," alisema, "na msinitajie tena kisima."

Aliyemalizia pete ni mke wa mjomba. Huyo kwa kukandika sakafu kwa samadi alikuwa hana mpinzani. Unamwaga mtama chini kwake unauzoa wote. Basi zege likiwa bado bichi alilowesha kiganja, akaupapasa mdomo wa pete, anazunguka, anazunguka, mpaka ung'ae kama mdomo wa chungu. Wapita njia walisimama kusifia. Mama naye akasema kisima chake kinapambwa kama bibi harusi.

Pete zikashushwa shimoni, kati ya kila mbili rojo nzito ya sementi. Kiangazi chote tulikunywa maji safi. Mvua zilipokuja, udongo wetu mweusi wa mbuga ukavimba, kama ilivyo kawaida yake, ukaanza kusukuma. Asubuhi moja mama akavuta ndoo: maji rangi ya chai ya maziwa.

Mjomba alishuka na kamba. Akarudi juu na kipande cha sementi kilichobanduka kizima kama chapati kwenye kikaango, upande mmoja laini kabisa.

"Pete zote nzima," alisema. "Ila moja imeteleza juu ya mwenzake. Hazikushikana."

Spana ilikuwa imetueleza habari za pete mojamoja. Za maungio haikuwa na la kusema. Mjomba akakitazama kile kipande, akamtazama mkewe, akaanza kukunja kamba ambayo haikuhitaji kukunjwa.

Mama ndiye aliyesema. "Wifi, umenipakia kisima mafuta!"

"Mayu wane, mama yangu mimi! Si wewe uliyetaka bibi harusi?"

"Bibi harusi gani huyo, akiguswa kidogo anateleza?"

Tulicheka wote. Lakini nikaona mke wa mjomba ameficha mikono ndani ya khanga. Mama naye aliona.

"Itoe mikono, wifi," alisema taratibu. "Kesho tunaihitaji."

Mvua zilipopungua waliziinua pete za juu. Mjomba akazigonga midomo kwa tindo, ikawa na meno, sementi ipate pa kung'ata. Zilizofuata tulizikwaruza kwa gunzi la mahindi zikiwa bado mbichi. Msimu mwingine udongo ukavimba tena. Mama alivuta ndoo, akaitazama muda mrefu, akainama akanywa humohumo. Mtoni hakurudi.

Ndipo watu wa Nassa wakaagiza za kwao. Jioni moja mke wa mjomba alikuwa anazikwaruza huku anaimba, na kwenye pete ya mwisho kiganja chake kikapita chenyewe juu ya mdomo, kwa mazoea. Ukalala laini, unang'aa. Hakuona. Akanawa, akaenda kusonga ugali.

Sikumwita. Nilipiga magoti, nikaukwaruza mdomo wote kuzunguka, mpaka ukawa kama ulimi wa paka. Kisha gunzi nikalitupa mbali, kwenye mihogo.