Siagi Chini ya Uji

"Saimi, hivi mbona wanaume wa nyumba yenu hawaoti mvi?"

Impi, jirani yake, alimuuliza hivyo wakiwa sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, wamekaa uchi benchi la juu, jasho linawatiririka. Hakuwa na ubaya moyoni. Saimi akayamwagia mawe maji, mvuke ukafoka, akasema, "Mungu huwaita mapema anaowapenda." Baba mkwe wake alianguka shambani kwenye majani makavu akiwa na miaka arobaini na mbili. Ensio, mumewe, thelathini na nane, shoka mkononi.

Saimi Hirvonen alifuga ng'ombe wanane huko Karelia ya Kaskazini. Kiwanda cha maziwa kiliwahi kumtuza kijiko cha fedha, kwa kuwa maziwa yake yalikuwa na mafuta kuliko ya kijiji kizima.

Wanaume wa ukoo ule walikuwa na alama. Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, walikuwa na vinundu vigumu. Sauna haifichi kitu, kila mtu alivijua, na watu waliviita visigino vya wachapakazi. Heimo, mwanawe wa pekee, vilipomtoka akiwa na miaka ishirini na mbili, Saimi alimshukuru Mungu. "Sasa wewe ni baba yako kabisa," alimwambia.

Mwaka wa sabini na tatu muuguzi wa wilaya alipima damu za watu kwenye ukumbi wa shule. Majibu ya Heimo aliyaleta nyumbani mwenyewe. Akainama, akamshika kisigino.

"Haya ni mafuta, Heimo. Damu yako imejaa kolesteroli tangu uzaliwe, umeirithi kwa baba yako. Chakula nacho kinaongezea. Siagi basi. Krimu basi. Sigara basi."

"Na kahawa niitie nini, machozi?"

Saimi hakucheka. "Siagi ndiyo iliyowalea watoto wa nchi hii baada ya vita, binti. Na wewe ukiwemo."

"Ni kweli, mama. Ila hebu nihesabie wajane wa kijiji hiki."

Heimo alitii. Mkate akala mkavu, akanywa maziwa yaliyoenguliwa krimu, yale wanayopewa ndama.

"Heimo wee," Impi akamtania, "pembe zinaota lini?"

Akapungua mwili. Naye alikuwa mkata miti, kutwa yuko kwenye theluji na msumeno. Saimi alimtazama akifunga mkanda tundu jipya, roho ikamuuma. Heimo na mkewe walikaa nyumba ya pili, ila uji wa asubuhi aliula kwa mama yake, kabla ya kwenda msituni. Basi kila asubuhi, baada ya sala, alitia siagi ndani ya bakuli, akamwaga juu yake uji wa shayiri wa moto, akakoroga mpaka isionekane.

"Mama, uji wako siku hizi mtamu!"

"Ni chumvi tu, mwanangu. Kula."

Miaka minne. Kila mara muuguzi alipompima, damu ilikuwa ile ile.

"Unanidanganya, Heimo. Unakula kwa kujificha."

"Naapa sili! Muulize mama."

Muuguzi akamgeukia. Saimi alikuwa amesimama na birika la kahawa. Akammiminia mgeni kikombe, akamsogezea sukari. Tangu siku hiyo kijijini wakamwita Heimo mwongo, naye akacheka nao.

Alianguka mwezi wa pili, msituni, ski, mbao za kutelezea theluji, zingali miguuni. Miaka ishirini na tisa. Aliacha mke, na binti wa miaka mitano, Aila.

Wiki moja baada ya maziko Saimi alikwenda kwa muuguzi, akasimama mlangoni bila kuvua kitambaa cha kichwa.

"Hakukudanganya. Siagi niliitia mimi, kwenye uji."

Muuguzi hakusema siagi ndiyo iliyomuua, wala hakusema siyo. Alimvutia kiti, Saimi hakukaa. Alikuwa amemwomba Mungu msamaha siku saba, na kwa Mungu hakuwa na shaka. Aliyemwogopa ni yeye mwenyewe, na mkono wake, na bakuli dogo la Aila mezani kwake.

"Mpimeni Aila damu," alisema. "Na majibu mpeni mama yake. Mimi msiniambie, na kwangu asiletwe kula."