Karamu ya Sufufu

Bibi yangu alikuwa akiuza mtama mlangoni. Akishajaza pishi hupitisha mkono juu, fyu, uliozidi ukarudi kapuni, na mteja akinung'unika humwambia, "Huruma kaombe kwa mumeo, hapa ni biashara." Lakini akija maskini, pishi huiweka kando. Huchota kwa viganja viwili, na nikimwuliza amempa kiasi gani, hunijibu, "Sufufu." Basi nikakua nikijua kuna vitu vya pishi na kuna vitu vya sufufu, yaani vingi hata kuvipima ni kukosa adabu. Mimi kusoma kwangu kuliishia chuo cha Kurani. Neno hilo sikulitoa kwenye kamusi. Nimelikumbuka wiki hii kwa sababu mpishi wetu wa karamu amefariki, huko Pate, na habari tumeletewa na wauza tumbaku.

Karamu ya harusi hapa kisiwani Amu haikuwa na kadi. Chakula kikiiva mlango hufunguliwa. Anayepita huingia, hunawa, huketi kwenye sinia, awe hamali au adui wa mwenye nyumba. Miaka miwili mitatu baada ya uhuru, tajiri mmoja wa mtaani alikuwa akimwoza binti yake. Alikuwa amealika wakubwa wa ofisini, akaona haya wale sinia moja na mahamali. Akachapisha kadi. Asubuhi ya karamu tulikuwa uani tukimenya vitunguu, akaja na karani kijana kutoka bara, mtu mzuri tu, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu.

"Mzee, unapikia watu wangapi?" karani akamwuliza mpishi.

"Sufufu."

"Sufuria ngapi?"

Tulicheka, machozi tukavisingizia vitunguu.

"Si sufuria, mwanangu. Sufufu. Wasiohesabika."

"Leo wanahesabika," tajiri akasema. "Asiye na kadi haingii. Nimeweka mtu mlangoni."

Mpishi akauweka upawa chini. "Na yule kipofu wa msikitini, Bwana, kadi yake atasomewa na nani?"

"Atapelekewa sahani."

"Kama paka?"

"Umeitwa kupika, hukuitwa kuhutubu!"

"Kweli. Basi tafuta wa kupikia kadi. Mimi hupikia ndaa, hupikia mwenye njaa."

Sote tulijua anapoteza nini: ukoo wa tajiri yule ndio wenye karamu zote kubwa, na kuukosa ni kukosa kazi Amu nzima. Wapo wanaosema hadi leo kwamba alikuwa mjeuri. Alikuwa mjeuri, na mimi nasema ujeuri ule ulikuwa haki yetu sote. Pimeni mashamba, enyi mnaopenda kupima, pimeni mbao, pimeni na kina cha bandari mkitaka. Lakini mkianza kupima mlango wa karamu hatutabaki na mji, tutabaki na nyumba zilizokaribiana tu.

Tajiri alipoona meko bado baridi, sauti ilimshuka. "Njoo tuzungumze. Nitaongeza kadi."

"Ongeza," mpishi akasema, akijifuta mikono kwa kikoi. "Ukimaliza kuongeza, bado utakuwa umehesabu."

Akauchukua upawa wake, akapita katikati yetu, akatoka kwa mlango wa uani, na Amu hakuikanyaga tena.