Kurasa Zilizofungia Karanga

Mimi ni wifi yake Redempta, kwa hiyo nina haki ya kumsema, na leo namsema. Anaongoza kikundi chetu cha wafugaji nyuki hapa Itigi, na mwaka huu nusura akivunje kwa sababu ya kitabu. Tena kitabu kisicho na mwisho!

Alikikuta stesheni kwa Peniel, muuza karanga. Kuna abiria alikisahau kwenye benchi, na Peniel alikuwa ameshaanza kukichana kutokea nyuma, akikunja kurasa za kufungia karanga. Redempta akaondoka na kilichobaki. Ni habari za maisha ya tajiri mmoja wa viwanda vya sabuni, mtu mkorofi kupindukia.

"Sikiliza hapa, wifi," alinisomea nikichambua mboga. "Alimwaga mapipa mazima kwa sababu ya harufu tu. Wafanyakazi wakalia. Mwaka uliofuata sabuni yake ikauzwa nchi tano!"

"Na wale waliolia?"

"Hawajaandikwa."

"Ahaa."

Kwa kweli hata mimi nilinogewa. Mtu anawezaje kuona mbali hivyo, halafu asimwone aliyesimama mbele yake? Tulibishana siku nzima. Redempta alisema labda ukali ndio uliomfikisha. Naye ana ndoto yake, asali ya Itigi kwenye chupa safi, madukani Dodoma na Dar.

Siku ya kukusanya asali ikafika. Mzee Zefania akaleta ndoo yake. Huyu ndiye aliyemfundisha Redempta kutundika mizinga, enzi ambazo wanaume walimcheka mwanamke aingiaye porini na kamba begani. Kwetu mpokeaji huonja kwanza, kisha hushukuru. Redempta akachovya kidole, akaonja, akatema chini. Mbele ya watu wote!

"Moshi mtupu. Rudi nayo."

Nilitamani ardhi inimeze. Kusema ukweli moshi ulikuwepo, maana mzee bado anarina kwa mwenge wa magome. Lakini kutema asali ya mzee? Zefania akafunika ndoo yake, akaifunga kwenye baiskeli, akaondoka.

Kesho yake Redempta akakutana naye sokoni. "Shikamoo, baba." Kimya. Wiki iliyofuata, kimya tena, na safari hiyo nilikuwepo. Mungu wangu, niliogopa. Mzee anaweza kukugombeza, hata kukufukuza kwake, lakini shikamoo ataiitikia. Asipoiitikia, amekufuta. Redempta alirudi nyumbani akalia kama yuko msibani.

Halafu, badala ya kwenda kwa mzee, akarudi kwenye kitabu! Alitaka kujua tajiri alifanyaje, maana naye alimfukuza mzee mmoja, Damiani, aliyemfundisha kupika sabuni. Ukurasa wa mwisho uliobaki uliishia hivi: "Baada ya miaka saba tajiri akaenda mwenyewe kwa mzee Damiani. Alipofika mlangoni"

"Alipofika mlangoni, nini?" aliniuliza, utadhani mimi ndiye niliyekula huo ukurasa.

Basi tukaenda stesheni, watu wazima wawili, tukainama chini ya mabenchi kuokota vikaratasi vyenye mafuta. Kimoja kilikuwa na bei za mawese, kingine nusu ya uso wa tajiri mwenyewe, amenuna. Watu walitucheka mpaka basi. Mimi mwenyewe nilikuwa nalaani huku natafuta, maana nami nilitaka kujua.

"Mama zangu," Peniel akasema, "hizo zimepanda treni. Saa hizi ziko Kigoma."

Redempta akakaa benchini, akakunjua upindo wa kanga yake uliojaa vikaratasi, akavimwaga. Akasimama, akashika njia ya kwa Zefania. Nikamfuata. Umbea? Ndiyo, umbea.

Mzee alikuwa uani anachonga mfuniko wa mzinga. Redempta akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Kimya. Ile ndoo ya asali ilikuwa barazani. Redempta akaifunua, akachovya, akala, akameza.

"Ina moshi, baba," akasema.

Nilitaka kumfinya!

"Ina moshi, na sitaipokea. Lakini nilikutemea asali yako mbele za watu, wewe uliyenishika mkono. Hilo halikuwa kosa la asali. Ni langu, na nitalisema mbele ya watu walewale. Nisamehe."

Mzee akaendelea kuchonga. Kisha, bila kuinua uso: "Nasikia leo mmeokota taka stesheni. Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Kuna mtu kitabuni alikwenda kwa mzee aliyemkosea. Nilitaka kujua kama alifunguliwa mlango."

"Mkapata?"

"Hatukupata, baba."

Zefania akaweka panga chini. Akajikung'uta vumbi la mbao magotini, akavuta kigoda kilichokuwa nyuma yake, akamsogezea.

"Marahaba," akasema.