Gauni la Mteja

Mwaka wetu wa mwisho katika chuo cha upigaji picha, Arusha, tulipewa kazi ya likizo: kila mwanafunzi arudi na picha za familia moja aliyokaa nayo kwa karibu. Nilijua mapema kwamba yangu haitakuwa familia yangu. Nyumbani Karatu tulikuwa wawili tu, mimi na mama, na mama ni fundi cherehani. Ningepiga nini pale? Mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni, anashona mapazia ya hoteli. Niliwataka wafugaji wa Kimaasai wa Nainokanoka, juu kule kwenye ukungu, na ng'ombe wao na shuka zao.

Chuoni niliishi chumba kimoja na msichana wa Tanga ambaye hakuwahi kufika huku kwetu. Aliniomba twende wote, nikakubali kwa furaha. Basi lilipoanza kupanda ukuta wa bonde kutoka Mto wa Mbu, yeye alikuwa dirishani anapiga kila kitu, nyani, mawingu, mgongo wa kondakta. Nilimcheka. Nilijiona mwenyeji.

Kibanda cha mama cha kushonea kiko nyuma ya soko. Mwenzangu aliingia akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama yangu, za kutwa?" kwa ile sauti ya pwani inayovuta maneno kama inayapapasa.

Mama akatoa pini mdomoni. "Marahaba mwanangu. Karibu. Mbona umekonda hivi? Huko chuoni hamli?"

Mimi nikirudi nyumbani huulizwa kama nimefunga geti.

Nilisema moyoni, ni mgeni, ndiyo adabu ya wageni. Lakini jioni ile nilimwona mama anamchagulia kipande kizuri cha kuku, na kitu kidogo kikanichoma.

Tulipanga kupanda Nainokanoka pamoja. Mjomba wangu huuza dawa za mifugo kwenye mnada wa kule, na alikuwa ametuandalia vibali vya kuingia hifadhini na nafasi kwenye pikapu yake. Asubuhi ya safari mwenzangu aliamka anaharisha, rangi imemwisha usoni. Mama alimshika paji la uso, akanigeukia.

"Huyu haendi popote. Wewe nenda."

Nikaenda. Mjomba aliniacha kwa mteja wake mmoja, mama wa makamo wa Kimaasai ambaye kila mtu pale alimwita yeyo, yaani mama. Alinipokea vizuri, akanipa chai ya maziwa na ngozi ya kulalia. Ila kila nilipoinua kamera aliacha alichokuwa anafanya, akaweka shanga zake sawa, akatazama juu ya kichwa changu na kutulia, kama wanavyosimamishwa na watalii. Nilimwambia aendelee tu na kazi zake. Akanijibu kwa Kiswahili chake kifupi, "Kazi iko kila siku. Picha iko leo." Nikapiga hivyo hivyo. Mwanga ulikuwa mzuri mno, ukungu unapanda kutoka kreta, lile shimo kubwa la volkano, na ng'ombe wanatokeza ndani yake mmoja mmoja. Nilirudi Karatu nikiamini darasa zima litanyamaza.

Kabla sijafika mlangoni kwa mama nilisikia kicheko. Kilikuwa cha mwanamke, kikubwa, cha kutoka tumboni, nikadhani ni mteja. Nikasogeza pazia nikamwona ni mama. Mwenzangu alikuwa amekaa sakafuni miguuni pake, anafumua mishono ya pazia kwa wembe, na mama anamsimulia jambo kwa Kiswahili huku anapiga mapaja.

"Umerudi?" mama akaniambia. "Rudishia mlango, vumbi."

Halafu akaendelea na hadithi yake.

Nilisimama pale na begi langu. Mimi na mama tunazungumza Kiiraqw, lugha ya kwetu, na kwa Kiiraqw mama yangu ni mtu wa maneno machache: lete, funga, umekula? Sikujua kwamba kwa Kiswahili ni msimuliaji. Alikuwa na mikono mingine na macho mengine, na hayo yote alikuwa amemfungulia mtu mwenye siku chache tu nyumbani mwetu.

Jioni, kabla ya chakula, mwenzangu akanionyesha picha kwenye kamera yake. Mama amelala juu ya lundo la mapazia, mdomo wazi. Mama anacheza mbele ya redio, kanga imemdondoka kichwani. Nilizipita haraka haraka, nikijidai nayajua hayo. Kisha nikafika kwenye picha moja nikashindwa kuipita.

Mama amevaa gauni jeupe la harusi. Lilikuwa la mteja, lililoletwa lipunguzwe kiuno. Amesimama mbele ya kile kioo chetu chenye ufa, zipu ya mgongoni haifungi, miguuni ana kandambili za bluu. Hatabasamu. Anajitazama kama mtu aliyekutana na ndugu waliyepotezana naye.

Baba aliondoka nikiwa bado nabebwa mgongoni, hakuna mahari wala kanisa. Mama hakuwahi kulizungumzia, na mimi niliamini halimsumbui.

"Alikuambia nini?" nikauliza.

"Kwamba kila gauni la harusi linaloletwa hulijaribu kwanza," mwenzangu akasema taratibu. "Tangu kitambo. Nilidhani unajua."

"Huyu ni mama yangu."

"Najua."

"Hujui! Unakuja huku, unaumwa tumbo, unapewa uji, halafu unaondoka na mama wa mtu!"

Alinitazama, machozi yakamjaa machoni. "Ungekuwepo ungempiga picha wewe," akasema.

Hatukuzungumza mpaka Arusha.

Mwalimu alizitandaza picha zangu mezani, akaziangalia kwa heshima. "Nzuri," akasema. "Safi kabisa. Lakini hizi nimeshaziona kwenye kalenda." Kisha akafika kwa mwenzangu. Aliinua ile ya gauni, akaenda nayo dirishani, akawaita walimu wengine. Nilitamani taa zikatike, nilitamani picha imponyoke ipeperuke nje. Nilitabasamu tu, na mashavu yakaniuma.

Chuo kikaamua iwekwe mbele kwenye onyesho la wahitimu. Nilimpigia mama simu, nikiwa na hakika atakataa.

"Ameshaniuliza," mama akasema. "Nimemwambia aiweke. Mwenye gauni keshaolewa."

"Mama, mimi mbona hukuwahi kunionyesha?"

Nilisikia cherehani inasimama.

"Wewe ungeniuliza maswali," akasema kwa Kiiraqw. "Yeye alisema tu, mama umependeza. Akapiga."

Mama alikuja kwenye onyesho amevaa suti ya kitenge aliyojishonea. Alisimama mbele ya picha yake kwa muda mrefu, watu wakimpa mikono. Mwanamke mmoja akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema ni mwanawe. "Una bahati," akaniambia, na nikashindwa kujua alimaanisha nini. Mama hakuipita meza yangu. Alimtazama yule yeyo wa Nainokanoka pichani, akainama karibu. "Huyu amechoka kusimama," akasema.

Baada ya kuhitimu nilirudi Karatu, nikajaribu. Nilikaa kibandani kwa mama tangu asubuhi, nikafumua mishono, nikakatakata nyuzi. Nilipoinua kamera, mgongo wake ukanyooka na pini zikarudi mdomoni. Nikaishusha. Nikainua tena baadaye, ikawa vilevile. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha.

Na mwenzangu tulipatana, siyo kwa maneno. Siku moja alinikuta naumwa kichwa akanichemshia chai, nikainywa, basi. Sasa tumepanga chumba pamoja mjini, tunapiga harusi na vipaimara ili tuishi. Mama hupiga simu Jumapili akitoka kanisani. Ananiuliza kama nimekula, kama tunafunga mlango vizuri. Kisha anauliza, "Mwenzio yupo?"

Nampa simu. Wanacheka muda mrefu, na mimi naosha vyombo, nimefungulia maji kidogo tu ili nisikie wanachosema.